Ni Nani Amsomeshae Mwalimu wa Wana Wetu?

  

Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, jambo tulilokusudia kulisema leo lawahusu watu ambao ni nadra kutajwa katika khutba zetu, nao ni mabinti wanaowasomesha watoto wetu wa miaka mitatu, minne na mitano. Kila asubuhi twapishana nao katika Ndia Kuu na katika vichochoro vya Kibokoni na Kuze, wakienda kufungua milango ya vyuo na madrasa za watoto. Lau tutaulizwa majina ya maimamu wa misikiti yetu, tutayataja moja baada ya moja bila ya kusita. Lakini tukiulizwa jina la yule tunaemwachia mtoto wetu asubuhi nzima, siku tano katika juma, wengi wetu tutamwambia muulizaji akamuulize mama wa mtoto.

Lililotuhimiza kuyasema haya ni khabari iliyoletwa mbele ya darsa yetu kutaka shauri. Katika chuo kimoja cha mji huu, ambacho hatukitaji jina, aliajiriwa msichana aliyekwisha maliza skuli, mwenye tabia njema na asomae Qur'ani vizuri. Siku ya Jumatatu akapewa chaki, akapewa ubao, akapewa watoto arubaini, na mlango ukafungwa. Haikutimia wiki ya tatu ila sauti ilikuwa imemkauka na mkononi alikuwa na fimbo. Wazee wakaja kushitaki, na walikuwa na haki kushitaki. Kamati ikakaa, ikamwita msichana, ikamuuliza maswali mengi, ikamwondoa. Kisha ikamwajiri mwengine, akapewa chaki ile ile na ubao ule ule na watoto wale wale, na mlango ukafungwa kama ulivyofungwa kwanza.

Sisi twauliza: katika kikao kile chote, kwa nini hakuna hata mmoja aliyemgeukia mkuu wa chuo akamwambia, "Na wewe, wiki hizo tatu ulikuwa wapi?" Mkuu alikuwa pale pale. Alikuwa akikusanya ada, akipokea simu, akizungumza na wazee mlangoni, akitafuta fundi wa bomba. Yote hayo ni kazi, wala hatuyadharau. Lakini mkuu wa chuo cha watoto ana kazi moja iliyo mbele ya zote hizo, nayo ni kuwa mwalimu wa waalimu wake. Akiiacha hiyo, basi huyo ni karani mwenye funguo.

Jambo hili si geni kwetu hata tuhitaji kulitafuta mbali. Tuliosoma kwa masheikh twajua jinsi elimu inavyopokewa. Mwanafunzi hukaa mbele ya sheikh miaka, husoma, hukosolewa, husoma tena. Akipea kidogo huambiwa awadurusie walio nyuma yake, na sheikh yuko pembeni anasikiliza, na neno likipotoka hulirudisha. Mpaka siku sheikh aridhike nae ndipo humpa ijaza, akamwambia: sasa kaa, somesha. Hakuna katika masheikh wa pwani hii aliyemchukua kijana akampa kitabu cha Minhaji akamwambia, "Ingia msikitini kawasomeshe watu," naye sheikh akenda zake sokoni. Lau angefanya hivyo, mji mzima ungelisema.

Basi tazameni ajabu yetu! Kwa kumsomesha mtu mzima mlango wa biashara au wa mirathi, mtu mwenye akili timamu ambaye akifundishwa kosa aweza kuuliza kwengine, twataka ijaza. Kwa kumsomesha mtoto wa miaka minne, ambaye hana akili ya kupambanua na ambaye neno analolisikia leo huweza kukaa nae mpaka kaburini, hatutaki kitu. Twasema, "Ni watoto tu." Imamu Ghazali katika kitabu chake cha Ihyaa ameeleza kwamba moyo wa mtoto ni kitu safi kisichokuwa na nakshi, chenye kukubali kila kitakachochorwa juu yake. Maadamu ni hivyo, mchoraji wake ndiye aliyestahiki kuchunguzwa kabla ya waalimu wote wengine.

Tukirudi katika mwenendo wa Mtume wetu (Rehema na amani zimshukie), tutaona alivyowatengeneza waalimu. Imepokewa katika Bukhari kisa cha Malik bin Huwayrith, aliyekwenda Madina pamoja na vijana wenziwe wa umri mmoja. Wakakaa na Mtume masiku ishirini. Kisha Mtume, kwa upole wake, akatambua kwamba wameingiwa na hamu ya watu wao. Akawauliza waliowaacha nyuma, halafu akawaamrisha warudi kwao, wawasomeshe, na wasali kama walivyomuona yeye akisali. Yako mambo mawili hapa ambayo mkuu wa chuo yampasa ayashike. La kwanza ni kwamba vijana wale hawakupelekwa kusomesha ila baada ya kukaa na kuona. Mtume hakuwaambia wasali kama walivyosikia, aliwaambia kama walivyoona. La pili, nalo watu hulipita mbio, ni kwamba Mtume alizitazama nyuso za wanafunzi wake akajua lililo ndani ya nyoyo zao kabla hawajalisema. Ni wakuu wangapi wa vyuo wanaojua kwamba mwalimu wao ana mama mgonjwa nyumbani, au hajalala usiku, au alia chooni baada ya watoto kwenda zao?

Na kiko kisa cha yule mtu aliyeingia msikitini akasali sala yenye kasoro, kisha akaja kumwamkia Mtume. Mtume akamjibu salamu yake, akamwambia arudi akasali kwani hakusali. Ikawa hivyo mara tatu, na kila mara salamu yake hujibiwa. Mwisho yule mtu akasema kwamba hajui bora kuliko hivyo, na akaomba afundishwe. Hapo ndipo Mtume akamweleza, kitendo baada ya kitendo, kwa utulivu. Zingatieni mpango wa kisa hiki. Mtume alitazama kwanza. Hakumkata mtu katikati ya sala yake. Alimwacha ajaribu, akajaribu tena, mpaka haja ya kujua ikatoka kwake mwenyewe. Na alipomfundisha hakumwambia "wewe hujui kusali" akamwachia hapo; alimwambia la kufanya, na la baada yake, na la baada yake. Mkuu aingiae darasani akasema "Darasa lako lina kelele" kisha akatoka, huyo hakufundisha kitu. Kelele mwalimu azisikia mwenyewe. Alichokihitaji ni kuambiwa: watoto hawa wamekaa kitako muda mrefu kupita kiasi cha umri wao, wainue, waimbishe herufi kwa kupiga makofi, kisha wagawe makundi manne, na yule mtoto wa pembeni ambaye hajasema neno tangu asubuhi mweke karibu yako.

Na Muawiya bin Hakam, alipozungumza ndani ya sala kwa kutojua, watu wakamkodolea macho. Baada ya sala Mtume hakumkaripia, hakumpiga, wala hakumtukana. Alimweleza tu kwamba sala haifai ndani yake maneno ya watu. Muawiya akashuhudia maisha yake yote kwamba hajapata kumuona mwalimu mwema kuliko huyo. Sisi twajua mkuu mmoja ambaye akiona kosa la mwalimu humtolea maneno mbele ya watoto. Tangu siku hiyo watoto hawamsikii tena mwalimu yule, nae, kwa kutaka kurudisha heshima yake, hushika fimbo. Kisha mkuu hushangaa fimbo imetoka wapi.

Maadamu tumeitaja fimbo, tuseme neno moja tupite. Serikali ya Kenya iliikataza fimbo maskulini mwaka 2001, na sheria ya elimu ya mwaka 2013 ikalitilia nguvu jambo hilo. Wako wanaosema kwamba hiyo ni sheria ya watu wengine na chuo ni chetu. Hao twawaambia wakasome vitabu vya wanazuoni wao wenyewe. Ibn Sahnun wa Qayrawan, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, yaani 870, aliandika kitabu kizima juu ya adabu za waalimu wa watoto, na ndani yake aliwawekea waalimu mipaka ya kupiga, akawakataza kupiga kwa hasira. Ibn Khaldun, aliyefariki Misri mwaka 1406, alieleza katika Muqaddima kwamba mtoto alelewae kwa ukali huwa mwongo na mwenye hila, na uchangamfu wa nafsi yake hufa. Hawa hawakuwa watu wa serikali ya Nairobi. Na Ibn Sahnun, tuongeze hili kwani latuhusu sana katika mji wetu, alimkataza mwalimu hata kwenda kwenye maziko katika saa za kusomesha, kwa kuwa yeye ameajiriwa na wakati ule ni wa watoto. Nasi leo mwalimu huitwa kwenye khitma, kwenye harusi, kwenye kila shughuli, na watoto huachiwa mtoto mwenzao awasimamie!

Sasa tuje kwenye mfano ulio mbele ya macho yetu, uliozaliwa katika mji huu huu. Katika mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani, walipoona watoto wetu wanaachwa nyuma katika elimu, walimwendea Aga Khan kutaka msaada. Kutokana na shauri hilo, katika mwaka 1986 ulianzishwa hapa Mombasa mradi wa madrasa za watoto wadogo, na aliyeushika mkononi ni mwalimu mmoja mwanamke, Bi Swafiya Said. Mradi ukavuka bahari ukafika Unguja mwaka 1990, na Kampala mwaka 1993, na madrasa zilizopitia mikononi mwake zikapindukia 200 katika nchi tatu. Khabari za madhehebu ya aliyetoa fedha si mahali pake hapa. Tunalolitaka ni kuutazama mpango wenyewe.

Mpango ulikuwa hivi. Watu wa mtaa wenyewe ndio waliotaka madrasa, wakachagua kamati, wakatoa mahali, na waalimu wakatolewa mumo humo mtaani, wengi wao mabinti wa kawaida wasiokuwa na vyeti vikubwa. Qur'ani na maadili ya dini yaliwekwa pamoja na hesabu, lugha na michezo, bila ya kimoja kukifukuza chengine. Vifaa vilitengenezwa kwa vitu vilivyopo: vifuu vya nazi, vizibo vya chupa, makopo, mbegu, vitambaa vya mshoni. Lakini siri ya mpango haikuwa katika vifuu. Mtu yeyote aweza kuokota vifuu. Siri ilikuwa kwamba msichana yule hakufundishwa majuma machache kisha akaachwa. Mkufunzi alikuwa akimfuata darasani kwake, akakaa nae, akafanya kazi na watoto mbele yake ili aone, kisha akamwacha afanye yeye huku akitazamwa, na baada ya watoto kutoka wakakaa wawili wakazungumza: leo lipi limekwenda, lipi limekwama, na kesho tufanye nini. Hayo hayakuwa ya siku moja. Mtaa mmoja ulishikwa mkono kwa muda wa kama miaka miwili, mpaka usimame wenyewe.

Matokeo yake hayakuachwa kwenye midomo ya wenye kusifu. Utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, uliochapishwa mwaka 2008, uliwapima watoto wa Kenya, Unguja na Uganda. Ukaonyesha kwamba watoto waliopitia vyuo vya watoto wadogo waliendelea kiakili zaidi ya waliobaki nyumbani, na waliopitia madrasa hizi waliendelea zaidi ya wale wa vyuo vyengine. Waalimu walikuwa mabinti wa mtaa kama yule aliyefukuzwa katika kisa chetu. Tofauti ni kwamba hawa walikuwa na mtu wa kuwashika mkono.

Twajua yatakayosemwa. Atasema mkuu wa chuo, "Sina wakati." Twamjibu kwamba wakati wa kumtafuta mwalimu mpya kila baada ya miezi minne ameupata, na wakati wa kuwatuliza wazee waliokuja na hasira ameupata. Lau angeliutoa nusu ya wakati huo mwanzo, asingeliuhitaji mwisho. Hatumwambii akae darasani kutwa. Asubuhi mbili katika juma kwa mwalimu mpya, na nusu saa baada ya watoto kwenda zao, ni jambo liwezekanalo hata katika chuo kidogo cha vyumba viwili. Na mwalimu mpya asianze peke yake hata siku moja. Siku zake za mwanzo akae kando ya mwalimu mzoefu, atazame jinsi mtoto aliae anavyopokewa mlangoni, jinsi herufi zinavyosomeshwa, jinsi ugomvi wa watoto wawili unavyoamuliwa. Mambo haya hayamo vitabuni, na hata yakiwamo, hayashiki ila kwa kuonwa.

Kisha atasema mwalimu mkongwe, "Mimi nimesomesha miaka thelathini, nani wa kuja kunitazama?" Huyu twamheshimu, na miaka yake ina haki. Lakini tumkumbushe kisa cha Suratul Kahf. Nabii Musa, mwenye kusemezwa na Mola wake, mwenye Taurati, alisafiri mpaka akachoka kumtafuta mja aliyepewa elimu asiyokuwa nayo yeye, na alipompata aliomba ruhusa amfuate ili afundishwe. Hakusema, "Mimi ni Mtume wa Bani Israili." Alikubali kuwekewa masharti, na alipoyasahau alikumbushwa, akaomba asichukuliwe kwa kusahau kwake. Ikiwa Musa aliweza kutembea nyuma ya mtu ili ajifunze, maalim wa chuo cha Makadara haimdhuru kutazamwa asubuhi moja na mwenziwe. (Lakini mkuu nae asimwige yule mja mwema kwa kuchelewesha maelezo mpaka saa ya kuachana, yule alikuwa na amri yake makhsusi.)

Na wako, twasema hili kwa kuwa lasemwa vibarazani ingawa halisemwi hadharani, wanaoona uzito maalim mwanamume kuelekezwa na mwanamke. Hawa wamesahau kwamba Maswahaba wakubwa walikuwa wakimwendea Bibi Aisha kumuuliza walilokuwa hawalijui, na wakilichukua jawabu lake. Katika kumlea mtoto wa miaka minne, wanaojua zaidi mjini hapa, wengi wao ni wanawake. Elimu huchukuliwa kwa mwenye nayo.

Limebaki la fedha, na hapa wa kulaumiwa ni sisi wazee pamoja na kamati zetu. Mwalimu wa watoto wadogo hulipwa kijungujiko, na mwezi mwengine hata hicho hakipati mpaka ada zikusanywe. Kisha tukisikia amehamia dukani au amesafiri Bara Arabu kutafuta kazi za nyumbani twasema hana ikhlasi. Wanazuoni wa kale, akiwamo Al-Qabisi aliyefariki mwaka 403 wa Hijra, waliuhalalisha ujira wa mwalimu kwa hoja kwamba usipokuwako ujira watoto wataachwa bila ya elimu. Walielewa karne kumi zilizopita jambo ambalo sisi twalibishania leo. Mkuu wa chuo aweza kumlea mwalimu kwa juhudi zake zote, akampa ujuzi wa miaka miwili, kisha ujuzi huo ukaondoka kwa sababu ya tofauti ya shilingi ambazo mzee mmoja huzitumia kwa kahawa na kashata za mwezi. Tusimwite mkuu huyo dhaifu. Sisi ndio tulioutoboa mtungi wake.

Katiba ya mwaka 2010 iliiweka elimu ya watoto wa kabla ya skuli ya msingi chini ya serikali za kaunti, na tangu mwaka 2013 kaunti ya Mombasa ndiyo yenye jukumu hilo. Ni haki yetu kama wakaazi kuidai kaunti iwatume wakaguzi watakaofundisha, wasije kuhesabu vyoo tu na kuondoka. Lakini kungojea kaunti si udhuru. Vyuo vya mtaa mmoja vyaweza kupatana vyenyewe. Vyuo vitatu vya Kibokoni vikikubaliana kwamba waalimu wao wakutane Alkhamisi moja ya kila mwezi, kila mmoja alete jambo moja lililomshinda na jambo moja lililomfalia, hilo halihitaji ruhusa ya mtu wala fungu la fedha, lahitaji mkeka na birika la chai. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipoanza kuchapisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, hakungojea serikali imwambie Waislamu wamelala.

Mwezi wa Januari vyuo vitafunguliwa kwa mwaka mpya, na vingi vitaajiri. Kamati zikutane kabla ya hapo. Na swali la kwanza la kuulizwa mkuu wa chuo, kabla ya khabari ya rangi ya ukuta na gari la kuchukulia watoto, liwe hili: mwalimu mpya atakaa kando ya nani, kwa wiki ngapi, na wewe utakuwa darasani kwake siku gani? Jawabu iandikwe katika daftari la kamati, na mwisho wa Machi daftari lifunguliwe.